Baada ya Dungeons & Dragons, tujaribu mchezo gani mwingine?

Mchora Ramani:
Salamu kwenu wadau. Kundi letu lina watu watano, mimi nikiwa msimamizi wa mchezo, na kwa miaka miwili sasa hatujacheza kingine chochote isipokuwa Dungeons & Dragons (D&D), mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa mazungumzo na dadu, toleo la 5 lililotoka mwaka 2014. Wahusika wamefika ngazi ya 11, na nakiri kwamba nimeanza kuchoka. Pambano moja hula zaidi ya saa nzima, kwa kuwa kila mchezaji zamu yake inapofika huipekua karatasi ya mhusika wake juu hadi chini kabla ya kuamua la kufanya.

Hivi karibuni nilitunga kisa cha mauaji kilichonichukua siku tatu kukiandaa, nikidhani kitawapa ladha tofauti. Kasisi wao alitumia uchawi wa kuzungumza na wafu, akamwuliza marehemu maswali yake matano, na kesi ikaisha kabla sijafungua ukurasa wa pili wa daftari langu.

Wachezaji wawili wako tayari kwa mchezo mwingine. Wa tatu anasema kujifunza kanuni mpya ni sawa na kurudi darasa la kwanza, na wa nne hataki kumwacha mhusika aliyemlea kwa miaka yote hiyo. Je, nianze na mchezo gani, na niwashawishi vipi hao wawili? Au ni heri nizirekebishe tu kanuni tulizozizoea?

Taa ya Mpelelezi:
Ndugu Mchora Ramani, kisa cha marehemu wako kimenichekesha, lakini ndicho kinachoonyesha tatizo liliko. Kanuni hazikukosea, zilifanya kazi iliyokusudiwa. D&D, tangu Gary Gygax na Dave Arneson walipoitoa mwaka 1974, ina mizizi katika michezo ya vita ya mezani, na hadi leo sehemu kubwa ya kurasa zake inahusu mapigano, uchawi na kupanda ngazi. Anayetaka upelelezi atafute mchezo ambao kanuni zake zinajali upelelezi.

Pendekezo langu ni Call of Cthulhu ya kampuni ya Chaosium, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981. Mhusika ni mtu wa kawaida, kama vile mkutubi, daktari au mwandishi wa habari, na kila ujuzi wake una asilimia. Akiwa na 60 katika ujuzi wa kutafuta habari maktabani, hurusha dadu mbili za pande 10, moja ya makumi na nyingine ya mamoja, na kutakiwa kupata 60 au chini ya hapo. Huyo mchezaji wako anayeogopa darasa la kwanza atalielewa jambo hilo kabla hajakaa vizuri kitini.

Kigumu ni kuyaacha mazoea. Katika kikao chetu cha kwanza, mlango wa ghala ulipofunguka na kiumbe akaonekana gizani, mchezaji mmoja alitangaza kwamba anamvamia hata sijamaliza kueleza kilichokuwamo. Mhusika wake alikuwa na pointi 11 za uhai, na katika mchezo huu pointi hizo hazipandi kwa ngazi, kwa sababu ngazi zenyewe hazipo. Pigo la kwanza lilimwondolea 7, la pili likamlaza mahututi. Mchezaji alinitazama kana kwamba nimemdhulumu, na kusema kweli kosa lilikuwa langu, kwani sikuwaambia mapema kwamba hapa kukimbia si aibu. Wewe waambie kabla dadu haijaguswa. Tena, dalili ambayo bila hiyo kisa hakiendelei usiifungie nyuma ya dadu. Mpe tu yeyote atakayeitafuta mahali panapostahili.

Ukurasa Mmoja:
Ninaheshimu maoni ya ndugu aliyetangulia, ila nadhani amejibu swali la mchezo akaliacha swali la watu. Mchezaji anayekataa kanuni mpya hukataa kwa sababu mchezo wa kwanza aliojifunza ulikuwa na vitabu vitatu vinene, naye anaamini michezo yote ni hivyo. Imani hiyo haivunjwi kwa maelezo.

Chukua Lasers & Feelings ya John Harper, ambayo kanuni zake zote zinaenea katika ukurasa mmoja. Kila mchezaji ni baharia wa chombo cha anga, na huchagua namba moja tu, kati ya 2 na 5. Anapofanya jambo la ufundi na akili tulivu, dadu ya pande 6 inatakiwa iangukie chini ya namba yake. Anapofanya jambo la hisia, kama kubembeleza au kutongoza, inatakiwa iwe juu yake. Ikiangukia namba yenyewe hasa, amefaulu na pia anapata haki ya kumwuliza msimamizi swali, na lazima ajibiwe kweli. Kwa hiyo anayechagua 5 ni fundi hodari asiyejua kusema na watu, na mtamwona akijikanyaga kikao kizima. Karatasi ya kupekua haipo, na hilo ndilo dawa ya zamu zenu ndefu.

Wakishaonja hapo, wapelekeni kwenye Apocalypse World ya mwaka 2010 au mojawapo ya michezo mingi iliyozaliwa nayo. Humo jumla ya dadu mbili za pande 6 na sifa ya mhusika ikifika 10 umefaulu, kati ya 7 na 9 umefaulu kwa gharama fulani, na chini ya hapo msimamizi ndiye anayeamua litakalofuata. Msimamizi harushi dadu kabisa. Nilipoendesha mara ya kwanza mikono yangu haikujua ishike nini.

Nyuso Ishirini:
Kuhusu kurekebisha kanuni: niliwahi kujaribu, nikaishia na kurasa 30 za marekebisho ambayo hakuna aliyeyasoma isipokuwa mimi. Na mtu akikushauri uhamie Pathfinder, fahamu kwamba toleo lake la pili ni mchezo mzuri sana, lakini ni wa mapambano vilevile, tena wenye kanuni nyingi zaidi. Hautaponya uchovu wako.

Huyo anayempenda mhusika wake usimshawishi. Subiri siku ambayo mchezaji mwingine ameshindwa kufika, na badala ya kuahirisha kikao, toa mchezo mfupi wa jioni moja. Kampeni yenu, yaani kisa chenu kirefu, inabaki palepale, na hakuna aliyeombwa kumwacha mtu.

Mchora Ramani:
Nawashukuru nyote. Juzi kasisi wetu hakufika, basi nikafuata ushauri wa mwisho na kutoa ule ukurasa mmoja. Yule wa darasa la kwanza alichagua 5, akajaribu kumtuliza balozi mwenye hasira, dadu ikaangukia 1, na vita vikaanza. Alicheka hadi akashindwa kuendelea. Sasa ananiuliza kama katika ule mchezo wa wapelelezi anaweza kuwa mkutubi.

Taa ya Mpelelezi:
Anaweza. Ila mwambie kuhusu kukimbia.