MREJESHO: Seli za Vero zilizokuwa zinaelea baada ya kuhamishwa

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini seli zangu za Vero (seli za figo ya tumbili zinazokuzwa maabara) zinaelea na kufa siku moja tu baada ya kuzihamishia chupa mpya. Asanteni sana nyote mliojibu.

Kosa kubwa lilikuwa kwenye tripsini (kimeng'enya cha kubandua seli kwenye chupa), kama wengi mlivyosema. Seramu (majimaji ya damu ya kulishia seli) iliyobaki chupani ilikuwa inaizuia kufanya kazi, nami nikawa naongeza muda hadi dakika 15 badala ya kuosha vizuri, jambo lililoziumiza seli. Sasa chupa ya T25 (chupa ndogo ya kukuzia seli) naiosha mara mbili kwa PBS (maji ya chumvi ya kuoshea seli) isiyo na kalsiamu wala magnesiamu, naweka mililita 1 ya tripsini-EDTA ya 0.25% (EDTA ni kemikali inayosaidia seli kuachia), narudisha kwenye nyuzi 37 na kuchungulia kwa hadubini kila dakika. Seli zikiwa duara na kuanza kuachia, kwa kawaida dakika 3 hadi 5, naongeza papo hapo mililita 4 za midia (maji ya lishe ya seli) yenye seramu 10%. Kuigonga chupa nimeacha kabisa, maana seli hutoka kwa mabonge. Kesho yake karibu zote zimeshika.

Chupa mbili za zamani hazikupona. Midia ilionekana safi, lakini PCR (kipimo cha vinasaba) ilionyesha mikoplazma, yaani bakteria wadogo sana. Aliyesema penisilini haitasaidia alikuwa sahihi: dawa hiyo hushambulia ukuta wa seli, na mikoplazma haina ukuta. Chupa hizo nilizipitisha kwenye otoklevu (mashine ya mvuke ya kuua vijidudu), nikazitupa, nikasafisha inkubeta (kabati la joto la kukuzia seli) na kuanza upya na kichupa cha seli zilizogandishwa kutoka nitrojeni ya kimiminika kilichopimwa na kuonekana safi. Kipimo nitarudia kila mwezi.