Naomba ushauri: mkuu wangu anataka nishuhudie barua ya onyo yenye tarehe ya nyuma

Ndugu zangu, salaam. Mkuu wa idara yetu huwafokea watumishi wa chini mbele ya wateja, jambo ambalo wengi wamelizoea, ingawa Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2019 unatambua kwamba unyanyasaji kazini unaweza kuwa hata tukio la mara moja.

Sasa amevuka mpaka. Ameniletea barua ya onyo dhidi ya mwenzetu aliyethubutu kulalamika, akitaka nisaini kama shahidi kwamba ilikabidhiwa mwezi uliopita, ilhali namba yake ya kumbukumbu inafuata ile ya waraka tuliopokea wiki hii. Nilipoomba muda wa kuisoma, alinikumbusha, kwa upole unaonitia shaka kuliko ukali wake, kuwa mkataba wangu unakaribia kuisha.

Kusaini sitasaini. Ninachosita ni kama nikatae kwa maandishi kupitia ofisa rasilimali watu, ambaye ni swahiba wake, au nimwandikie mkurugenzi moja kwa moja na kuonekana nimeruka ngazi. Je, nikibaki na nakala ya barua hiyo kama ushahidi, naweza kushtakiwa kwa kutoa siri za ofisi? Wenye uzoefu wa sheria za kazi, naomba mniongoze kabla sijamjibu.