MREJESHO: Wifi ya laptop yenye Debian iliyokuwa inajikokota

Wakuu habari za jioni, ni mimi niliyeulizia kwa nini laptop yangu yenye Debian (mfumo endeshi wa Linux) inavuta mafaili pole pole hapa stationery Nkuhungu wakati simu kwenye ruta ileile inakimbia. Imepona kabisa.

Fimuwea (programu ndogo inayoendesha kadi ya wifi) haikuwa na shida, dmesg (kumbukumbu za kernel) inaonyesha iwlwifi, yaani draiva ya kadi za wifi za Intel, imeipakia fresh, na toka Debian 12 ya 2023 fimuwea zisizo huria zinakuja ndani ya instola yenyewe so kuhangaika kuzitafuta na flashi kumepungua sana. Kilichokuwa kinabana ni kafaili kamoja ndani ya /etc/modprobe.d (folda ya mipangilio ya draiva), kaliachwa na mwenye laptop wa kwanza, kana mstari options iwlwifi 11n_disable=1, yaani kanaizimia kadi 802.11n, kiwango cha wifi chenye spidi, na 802.11ac iliyo mpya zaidi nayo inaondoka humohumo, unabaki na 54 Mbps za enzi za 802.11g, tena hizo ni za kwenye karatasi, mafaili yenyewe yanapata kama nusu tu.

Nikaufuta ule mstari, nikarestati, sasa amri ya iw dev wlp2s0 link inasoma 866.7 Mbps kwenye 5 GHz. Mkuu uliyesema nizime power save (kadi kujipunguza ili kuokoa betri), nimezima pia, ping ya ruta (muda inaochukua kujibu) imetulia ila spidi haikuongezeka.

Mnaonunua laptop used pitieni hilo folda kabla ya kubadilisha kadi, nilikuwa nimeshaulizia bei ya kadi mpya kabisa. Dada wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) uliyenielekeza huko Mungu akubariki sana, wateja wa kuprinti hawapangi foleni tena.