Naombeni msaada: viungo vya seli za epithelia vinanichanganya, nianzie wapi?

Mwanafunzi_MwakaWaPili:
Habari zenu wakuu. Nasoma udaktari, na baada ya wiki mbili nina mtihani wa tishu. Kuna mada moja inanitoa jasho: namna seli za epithelia, yaani zile zinazofunika ngozi na kuta za ndani za mwili, zinavyoshikana zenyewe kwa zenyewe na zinavyoshikilia kilicho chini yake. Majina nimekariri, protini nimekariri, lakini nikifunga daftari tu vyote vinaingiliana. Jana nimeandika kwamba desmosomu hushika nyuzi za aktini.

Halafu swali la mtihani uliopita halikutaka majina. Lilisema hivi: wagonjwa wawili wana malengelenge, wa kwanza yake ni laini na yanapasuka kwa kuguswa tu, wa pili yake yamejaa, yamekaza. Eleza tofauti yao kwa viungo vya seli. Nilikosa hata sentensi ya kwanza. Mada hii naipenda kweli, ndiyo maana inaniuma. Mliopita njia hii, nisaidieni.

FundiMaabara:
Pole mdogo wangu. Weka majina pembeni kwanza. Chora seli mbili za ukuta wa utumbo zimesimama bega kwa bega. Juu uwazi wa utumbo, chini utando wa msingi, ule mkeka mwembamba ambao seli zimeukalia. Sasa shuka na mstari ule unaozitenganisha, kutoka juu kwenda chini. Ndivyo Farquhar na Palade walivyoueleza mpangilio huo mwaka 1963 baada ya kuutazama kwa darubini ya elektroni.

Cha kwanza juu kabisa ni kiungo cha kubana, chenye protini za klaudini na okludini. Hapa kaa sana, maana wengi huandika "huzuia maji" wakaondoka. Kina kazi mbili. Moja, kinachuja kinachopenya katikati ya seli na seli, tena kwa kuchagua: klaudini ziko za aina nyingi, na ile ya 16 ikiharibika kwenye figo, magnesiamu inapotelea kwenye mkojo. Mbili, ni uzio ndani ya utando wa seli wenyewe. Kibebaji kinachovuta glukosi pamoja na sodiamu hubaki upande wa juu, na kile kinachoitoa glukosi kuelekea kwenye damu hubaki ubavuni na chini. Vikichanganyika, sukari haina tena njia ya kwenda upande mmoja.

Chini yake kuna mkanda unaoizunguka seli: protini ya E-kaderini kwa nje, nyuzi za aktini kwa ndani. Kaderini haishiki bila kalsiamu. Maabara tukitaka kutenganisha seli tunazisuuza kwa EDTA inayonyakua kalsiamu, mara nyingi pamoja na tripsini, kimeng'enya kinachokata protini. Mara ya kwanza kuona seli zilizokuwa zimebanana kama vigae zinaachana na kuwa duara moja moja, niliacha kazi nyingine nikabaki nimeinamia darubini.

Baada ya mkanda ndipo desmosomu. Ione kama kishikizo cha nguo: inabana sehemu moja moja, haizunguki.

Mdadisi:
Kwenye kosa lako la aktini, jiulize maswali mawili kila mara: nje inamshika nani, ndani imefungwa kwenye uzi gani? Kaderini ni za kushika jirani, integrini ni za kushika chini. Mkanda na vile vituo vya mshiko vya seli inayotambaa vimefungwa kwenye aktini. Desmosomu, na hemidesmosomu inayoishikilia seli kwenye utando wa msingi, zimefungwa kwenye keratini, uzi unaostahimili kuvutwa, ndiyo maana ngozi imejaa desmosomu.

Muuguzi_Ngozi:
Swali lako la malengelenge ndiyo kazi yangu ya kila siku, kwa hiyo nisikilize vizuri.

Mgonjwa wa kwanza ana pemfigasi. Kingamwili zake mwenyewe zinashambulia desmogleini, ambazo ni kaderini za desmosomu. Seli zinaachana na jirani zake ndani ya ngozi ya juu, hivyo paa la lengelenge ni jembamba na linapasuka upesi. Aina iliyozoeleka zaidi mara nyingi huanzia kinywani, kwa sababu kule desmogleini 3 ndiyo inayobeba mzigo, na desmogleini 1 ni chache mno kuziba pengo.

Wa pili ana pemfigoidi. Hapo kinachoshambuliwa ni protini za hemidesmosomu, hasa BP180. Seli bado zimeshikana vizuri zenyewe kwa zenyewe, ila tabaka lote limeng'oka kwenye utando wa msingi. Paa ni nene, ndiyo maana lengelenge limekaza.

Mwanafunzi_MwakaWaPili:
Dada, umenifungua macho. Na vile viungo vya vijia? Nijaribu pia jibu langu: "Pemfigasi ni mshiko wa jirani ulioachia, pemfigoidi ni mshiko wa chini ulioachia. Hemidesmosomu ni nusu ya desmosomu, hivyo protini zake ni zilezile."

FundiMaabara:
Vijia havina kazi kubwa ya kushika, vinapitisha. Protini 6 za koneksini kutoka kila seli, jumla 12, zinaunda mfereji wa ayoni na molekuli ndogo, takriban chini ya daltoni 1,000. Aina yake iitwayo koneksini 26 ikiwa na hitilafu, mtoto anaweza kuzaliwa kiziwi.

Muuguzi_Ngozi:
Sentensi yako ya kwanza iache hivyo hivyo. Ya pili futa. Jina linadanganya: kwa umbo inaonekana nusu, lakini hemidesmosomu haina kaderini hata moja. Ina integrini ya alfa 6 beta 4 inayoshika laminini, protini ya utando wa msingi, na plektini inayoifunga kwenye keratini ndani. Zingekuwa protini zilezile, kingamwili za pemfigasi zingeng'oa na tabaka la chini pia. Ukitazama kipande cha ngozi ya mgonjwa wa pemfigasi kwenye darubini, safu ya chini kabisa bado imesimama kwenye utando wake, kama mawe ya kaburi.

Mwanafunzi_MwakaWaPili:
Nimeifuta. Hiyo safu iliyobaki imesimama ndiyo naichora sasa hivi.