Majarini yenye steroli za mimea: mafuta yapunguzeje lehemu?

BintiPangani:
Habari zenu. Naishi Turku, Finland. Mama amekuja kunitembelea kutoka Tanga, tukampima, LDL, ile lehemu (kolesteroli) mbaya ya kwenye damu, imetoka 4.2. Majarini hizi zilianza kuuzwa hukuhuku mwaka 1995, zimejaa madukani. Nimemnunulia, akaniuliza: "Mwanangu, mafuta yapunguze mafuta?" Nikakosa jibu. Na nyama yenyewe hali, hiyo lehemu kaitoa wapi?

MfamasiaNgamiani:
Shikamoo yangu imfikie mama. Lehemu nyingi inayopita utumboni haitoki kwenye sahani. Ini huitengeneza na kuimwaga pamoja na nyongo, gramu moja hivi kwa siku, kisha karibu nusu hufyonzwa tena. Kwa hiyo hata asiyekula nyama anayo ya kuzuiwa.

Sasa, lehemu haiyeyuki majini. Ili ifike kwenye ukuta wa utumbo hubebwa ndani ya vitone vidogo mno vya chumvi za nyongo, miseli, na humo nafasi ni finyu. Steroli za mimea zimefanana nayo sana kwa umbo, zinaingia na kuisukuma nje. Iliyokosa nafasi hutoka na choo. Steroli zenyewe zikipenya ukutani, seli huzitambua na kuzirudisha utumboni. Zinazobaki mwilini hazifiki asilimia 5. Ini likiona lehemu hairudi, huchota LDL kwenye damu.

Gramu 2 kwa siku hushusha LDL asilimia 8 hadi 10. Ufuta na korosho zinazo pia, ila chakula cha kawaida hutoa miligramu 200 hadi 400 tu. Tena ale pamoja na mlo kamili, ndipo nyongo inapomwagwa. Asiipake asubuhi kwenye kipande kimoja cha mkate na chai kavu.

BintiPangani:
Ndivyo alivyokuwa akifanya! Na nazi je? Wali wake bila tui hauliki.

MfamasiaNgamiani:
Nazi haina lehemu kabisa, ila mafuta yake ni yale yanayoganda kwenye baridi, nayo hulifanya ini lichote LDL kidogo. Lile swali lako la lehemu kaitoa wapi, dada, huenda jibu liko kwenye sufuria hiyo. Mpunguzie tui la kwanza, usimnyime. Na kama daktari amemwandikia statini, aendelee kumeza: hiyo hupunguza lehemu inayotengenezwa kwenye ini, steroli huzuia inayorudi kutoka utumboni.

BintiPangani:
Ameandikiwa, na alitaka kuziacha. Namsomea hili sasa hivi.