Gofu: indeksi moja 18.4, uwanja mmoja mikwaju 15, mwingine 20?

Fewei_Mbeya:
Wakuu, heshima zenu. Indeksi yangu (namba ya uwezo wangu) ni 18.4, ila kwenye uwanja niliouzoea napewa mikwaju 15 ya kupunguza kwenye alama, tulikoalikwa napewa 20. Halafu kuna wanaodai handikapu (hiyo mikwaju ya fidia) ya huku milimani haifai pwani, eti hewa yetu nyepesi inaupeleka mpira mbali. Kweli?

Loleza_Juu:
Mkuu, indeksi hugeuzwa kwanza: zidisha kwa slopu (uwanja unamwongezea mchezaji wa kawaida ugumu kiasi gani), gawa kwa 113, kisha jumlisha reti ya uwanja (alama anazotarajiwa kupata mchezaji hodari) ukitoa pari (mikwaju iliyopangiwa uwanja). Tuseme slopu ni 125, reti 71.2, pari 72: 20.35 − 0.8 = 19.55, yaani 20. Slopu 105, reti 67.9, pari 70: unapata 15. Soma namba za tii (sehemu ya kupigia mpira wa kwanza) unayoanzia. Wengi wanacheza tii nyeupe na slopu ya njano, hesabu inaharibikia hapo.

Bunka_la_Mufindi:
Ila slopu (55 hadi 155) haipimi ugumu kwa kila mtu. Ugumu kwa mchezaji wa skrachi (handikapu 0) umo kwenye reti. Slopu inaonyesha yule wa bogi, mwanaume wa handikapu 20 hivi, anaumia kiasi gani zaidi yake. Chukua korongo lililo yadi 190 kutoka tii. Wa skrachi anahesabiwa kupiga yadi 250, analivuka tu. Wa bogi anahesabiwa 200. Akiugusa mpira vibaya kidogo, yumo. Slopu inapanda, reti haisogei sana.

Ukirudisha kadi ya alama, hesabu inapinduka ili kupata kiwango cha raundi: alama toa reti, zidisha kwa 113, gawa kwa slopu. Kwa namba za Loleza, 90 kwenye uwanja mgumu ni 17.0, na 88 kwenye mwepesi ni 21.6. Namba ndogo ndiyo nzuri, hivyo hiyo 90 ndiyo raundi bora! Kwanza kata mashimo mabaya: mwisho wa alama kwa shimo ni pari + 2 + mikwaju unayopewa shimoni hapo. Ukiacha 11 ghafi kwenye shimo moja, indeksi inavimba, unapewa mikwaju mingi, na wajanja wanaupenda sana mwanya huo.

Hewa nayo imo. Kuanzia mita 610 hivi juu ya bahari, wapimaji huufupisha uwanja kwenye hesabu, reti inashuka. Mbeya iko kama mita 1,700. Kwa hiyo hoja ya pwani haina mashiko, labda reti yenyewe iwe ya kubuni.

Fewei_Mbeya:
Na siku ya mvua na ukungu?

Loleza_Juu:
Mfumo wa handikapu hulinganisha alama za siku hiyo na zilizotarajiwa, ukarekebisha kati ya −1 na +3. Zinahitajika kadi za wachezaji wasiopungua 8 wenye indeksi isiyozidi 36. Mkiwa 7, mvua ni yenu.