Kijapani: nianze kanji sasa au nimalize katakana kwanza?

Wakuu habarini, naomba ushauri kwa mliosoma Kijapani. Hiragana zote 46 (herufi za msingi za sauti) nishazishika, ila katakana (seti ya pili ya herufi za sauti zilezile) inanitesa, hasa シ na ツ, vistari vyenyewe ni vilevile tu vimegeuzwa kidogo, ukija ソ na ン ndo balaa kabisa. Sasa kuna jamaa anasema niachane nayo niingie kanji (zile herufi za asili ya Kichina zinazobeba maana), mi naona ananipoteza maana maneno ya kukopa kama terebi (televisheni) na majina ya wageni kwa kawaida yanaandikwa kwa katakana. Halafu kanji za kawaida tu ziko 2,136, na 山 (mlima) mara inasomwa yama mara san! Mnazikaririje, moja moja au ndani ya maneno? Na kuna ulazima wa kuandika kwa mkono wakati mtihani wa N5 (ngazi ya chini kabisa ya mtihani wa Kijapani, JLPT) ni wa kuchagua majibu?